Carina ya 1998 na hewa ya bahari: kausha kwanza, kupaka baadaye

Msomaji wetu anaandika:

"Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, naishi Kigamboni. Nina Toyota Carina Ti ya mwaka 1998, injini ya 1500, niliyouziwa na mjomba wangu aliyekuwa nayo Dodoma miaka yote. Kule ilikuwa safi. Tangu niilete huku, rangi imeanza kufura vipele chini ya milango ya nyuma na kwenye ukingo wa fenda za nyuma, na kapeti ya mbele upande wa abiria haikauki. Fundi mmoja anataka anipulizie oili chafu chini ya gari, mwingine anataka kuipiga lami chini nzima, wa tatu kaniambia niiuze tu. Nina Jumamosi zangu na spana za kawaida. Nini naweza kufanya mwenyewe, na nianzie wapi?"

Marahaba, mwalimu. Gari usiuze bado. Hao mafundi wawili wa oili chafu na lami waambie wasubiri, maana wote wawili wanataka kufunika, na gari lako kwa sasa halihitaji kufunikwa, linahitaji kukaushwa. Kapeti yenye maji ni tatizo kubwa kuliko vile vipele, ingawa vipele ndivyo unavyoviona kila asubuhi.

Chuma kinashika kutu pale maji na hewa vinapokikuta pamoja. Hewa huwezi kuiondoa, kwa hiyo kazi yote ni ya kupigana na maji. Chumvi peke yake, ikiwa kavu, haili chuma, ila inayafanya maji yapitishe umeme vizuri zaidi, na kutu ni matokeo ya umeme mdogo sana unaotembea kutoka sehemu moja ya bati kwenda nyingine. Halafu kuna jambo ambalo watu wa pwani wanaliona kila siku jikoni bila kulihusisha na gari: chumvi huvuta maji kutoka hewani. Unyevu wa hewa ukivuka kama asilimia 75, chumvi ya kawaida inaanza kulowa na kuyeyuka yenyewe, na chumvi ya bahari, kwa vile ina magnesiamu ndani yake, huanza hata kabla ya hapo. Usiku wa Dar es Salaam kwa kawaida unavuka kiwango hicho. Maana yake ni kwamba vumbi la chumvi lililokaa kwenye mikunjo ya milango yako linajilowesha lenyewe kila usiku, hata kiangazi, hata kama hujaona tone la mvua mwezi mzima. Dodoma vumbi lilikaa pale pale na halikufanya kitu, kwa sababu lilikuwa kavu.

Kutu ikishaumbika huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma ilichokila. Ndiyo maana rangi inafura. Na pale chini ya milango, mara nyingi kutu imetokea ndani ikaja nje. Kipele unachokiona ni mwisho wa safari yake. Ukisugua msasa kwa nje na kupaka rangi, utapata gari zuri la kwenda nalo harusini, na baada ya masika moja vipele vinarudi palepale.

Basi tuanze na kapeti.

Ing'oe upande wa mbele wa abiria. Ni kazi ya kufungua ule ukanda wa plastiki kwenye kizingiti cha mlango, na ukitaka kuitoa yote, kufungua na kiti. Chini ya kapeti kuna sponji nene, na hiyo ndiyo inayokaa na maji wiki nzima wakati kapeti yenyewe juu unaiona kavu. Itoe yote, ianike juani siku mbili. Usijaribu kuikaushia ndani ya gari kwa kufungua vioo.

Sasa tafuta maji yanatoka wapi. Gari la usukani wa kulia likilowa upande wa abiria, mtuhumiwa wangu wa kwanza ni bomba la kutolea maji ya kiyoyozi. Kiyoyozi kikifanya kazi hukamua maji mengi kutoka kwenye hewa yetu hii, na maji hayo yanatakiwa kudondokea barabarani kupitia kibomba kidogo cha mpira kinachotokeza kwenye ukuta kati ya injini na miguu ya abiria. Washa kiyoyozi robo saa gari likiwa limesimama. Ukiona kidimbwi chini ya gari, bomba ni zima. Usipoona kitu, limeziba, na maji yanamwagikia ndani. Lizibue kwa waya laini wa plastiki, taratibu, kwa kuingizia chini. Usipeleke bisibisi wala waya mgumu mule ndani.

Kama kiyoyozi hakihusiki, mtuhumiwa wa pili ni lile beseni chini ya waipa. Fungua boneti, uangalie pale kioo cha mbele kinapoishia. Majani ya mwembe na mkungu, vumbi na vinyesi vya ndege vinajikusanya mle, vinageuka udongo, na matundu ya kutolea maji yanaziba. Maji ya mvua yakijaa pale yanapanda hadi kwenye njia ya hewa ya feni na kuingia ndani. Nimeona miche imeota mle. Toa uchafu wote kwa mkono, kisha mimina ndoo ya maji na uhakikishe yanatoka nyuma ya fenda kwa chini, kushoto na kulia.

Mtuhumiwa wa tatu ni mpira wa kioo cha mbele au wa mlango. Huyu humgundui kwa macho. Mkalishe mtu ndani akiwa na tochi, wewe umwagie maji kidogo kidogo, ukianzia chini na kupanda juu. Ukianzia juu, maji yatashuka yenyewe na hutajua yameingilia wapi.

Bati la sakafu likiwa wazi, lichunguze. Kutu nyepesi ya kahawia inayofutika kwa brashi ya waya si ya kuogopa. Gari lililoishi Dodoma huenda sakafu yake bado ni nzima kabisa. Ukikuta kinyume chake, yaani magamba mazito ya kutu kwenye mikono ya sasipensheni na kwenye sakafu kwa chini, basi kutu hiyo pengine ilikuja na gari kutoka Japani, kwa sababu maeneo ya kaskazini kama Hokkaido humwaga chumvi barabarani wakati wa theluji. Siku ukinunua gari jingine, omba karatasi ya mnada wake wa Japani. Kwenye ule mchoro wa bodi, herufi S ni alama ya kutu na C ni alama ya bati lililoliwa. Wauzaji wengi wanayo karatasi hiyo, hawapendi tu kuitoa.

Jumamosi ya pili iwe ya milango. Ukingo wa chini wa kila mlango una matundu madogo, mengine ya duara, mengine marefu kama mpasuo. Maji yanayoteremka kwenye kioo huingia ndani ya mlango kila mvua inaponyesha. Hilo si kosa, ndivyo milango ilivyotengenezwa, na matundu yale ndiyo mlango wa kutokea. Yakiziba kwa tope, mlango unakaa na maji. Chukua njiti ya ufagio wa chelewa, inatosha kabisa na haikwaruzi rangi kama msumari, uchokonoe kila tundu. Kisha mwaga maji kwenye kioo kwa juu na usubiri. Yanatakiwa yatoke chini ndani ya sekunde chache. Yakitoka na rangi ya chai, unajua ndani kuna nini. Fanya vivyo hivyo kwa zile mbavu za chini ya milango, ambazo nazo zina matundu kwa upande wa chini, na kwenye buti, pale linapokaa tairi la akiba. Ukikuta maji kwenye shimo la tairi la akiba, angalia mipira ya taa za nyuma kabla hujalaumu kitu kingine.

Fenda za nyuma zina hadithi yake. Bati la nje na la ndani yamekunjwa pamoja kwenye ukingo wa tao la tairi, na tope lenye chumvi linarushwa na tairi na kujibana kwenye mkunjo huo. Piga magoti, pitisha kidole ndani ya ukingo. Lile gamba la tope unalolisikia ndilo linalolowa kila usiku. Litoe lote kwa maji na brashi ya plastiki, na uwe unalitoa kila mwezi.

Kabla hujashika msasa, fanya vipimo viwili. Cha kwanza ni sumaku. Ile ya spika mbovu inafaa, ifunge kwenye kitambaa. Ipitishe juu ya vipele na kuzunguka fenda. Isiposhika, hapo hakuna bati, kuna puti, ule ugoro wa kujazia mabonde na mashimo ya bodi, na mtu alishapita kabla yako. Cha pili ni bisibisi butu: sukuma kwa nguvu ya kawaida ya mkono, kwa chini ya gari, kwenye mbavu zile, kwenye sehemu za kuwekea jeki, mahali shokapu zinaposhikia bodi, na mahali mikanda ya usalama ilipofungwa sakafuni. Carina haina chesisi ya peke yake kama Land Cruiser. Bodi ndiyo chesisi. Bisibisi ikizama kwenye mojawapo ya sehemu hizo, kazi hiyo si yako wala si ya puti. Ni ya fundi wa kuchomelea, akate bati lililooza hadi apate zima, achomelee jipya. Kwenye mlango au ukingo wa fenda ikizama, gari haliwezi kukuangusha kwa hilo, lakini hata hapo nyuzi za glasi na puti ni kununua muda tu.

Na ukiingia chini ya gari, usiingie likiwa limeshikiliwa na jeki peke yake. Wala matofali. Tofali la saruji hupasuka bila taarifa. Nunua stendi mbili za chuma, hizo ndizo kifaa cha kwanza cha kununua kabla ya rangi yoyote, na uzitege kwenye sehemu nzima, si kwenye ubavu uliooza.

Sasa vipele. Subiri kipindi cha kavu, kati ya Juni na Septemba, usifanye kazi hii katikati ya masika. Anza saa nne asubuhi bati likiwa limeshakauka umande. Kwangua rangi yote iliyofura kwa brashi ya waya na msasa namba 80 mpaka uone chuma kinachong'aa, na uendelee sentimita mbili au tatu ndani ya rangi iliyo nzima, kwa sababu kutu hutambaa chini ya rangi mbele ya kile unachokiona. Vaa miwani na barakoa. Vishimo vidogo vyeusi vitabaki ambavyo msasa hauvifikii. Hapo ndipo pa kutumia dawa ya kutu. Zipo za asidi ya fosforiki na zipo za tanini, na zote zinageuza kutu nyembamba iliyoshikamana kuwa kitu kigumu cheusi au cha kijivu kisichoendelea kula. Juu ya magamba hazifanyi kazi hata uzimwage chupa nzima. Fuata maelezo ya chupa kuhusu kusuuza au kutosuuza, kwa sababu zinatofautiana.

Futa kwa kitambaa chenye thina, acha ikauke, kisha paka praima ya epoksi, yaani rangi ya msingi inayoshika bati na kuzuia maji, mikono miwili siku hiyohiyo. Bati tupu lililolala usiku mmoja Kigamboni limeshaanza kutu asubuhi, hata kama macho hayaoni. Nasisitiza epoksi, kwa sababu praima za kawaida za makopo hupitisha unyevu, na mafundi wengi hupiga praima leo wakaacha gari wiki mbili bila rangi ya juu likinyonya maji. Kama kuna bonde la kujaza, puti iwekwe juu ya epoksi, isiwekwe juu ya chuma kitupu, maana puti nayo inanyonya maji. Kisha msasa wa maji namba 400, rangi, na vanishi yake. Namba ya rangi ya gari lako imeandikwa kwenye kibati cha utambulisho chini ya boneti, mbele ya maandishi C/TR. Mchanganyaji rangi akikuuliza "ni silva gani?", mpe namba hiyo na mjadala unaisha.

Ukishapaka nje, kazi ya mlango iko nusu. Ndani nako kunahitaji kinga, na hapa ndipo tunafika kwa wale mafundi wako wawili.

Oili chafu ina sifa moja ya kweli: inapenya. Hilo siwezi kumnyima fundi wako. Lakini oili iliyotoka kwenye injini imebeba asidi, masizi na maji ya mwako, inaharibu bushi na mipira ya breki, na ni sumu kwa ngozi inayohusishwa na saratani. Pia inadondoka, na unaegesha nyumbani wanapocheza watoto, juu ya ardhi ambayo majirani wamechimba visima. Kama nia ni mafuta yanayopenya, tumia oili mpya ya bei rahisi kabisa. Tofauti ya gharama kwa gari moja ni ndogo kuliko bei ya bushi mbili.

Lami ndiyo inayoniudhi zaidi, kwa sababu inapendeza. Gari linashuka kwenye gereji likiwa jeusi chini, mteja anafurahi, analipa. Lami ikiwa mpya juu ya bati safi, kavu, lenye praima nzima, inafanya kazi yake. Juu ya kutu na chumvi inafungia maji ndani. Halafu joto na mawe vinaikausha, inapasuka nyufa ndogo, maji yanaingia kwenye nyufa na hayatoki. Miaka miwili mitatu baadaye unaibandua kwa kidole, na bati linakuja nayo. Zaidi ya hapo, baada ya lami hakuna tena fundi wala mkaguzi anayeweza kuona hali ya chini ya gari lako. Naamini magari mengi ya pwani yameliwa zaidi chini ya lami kuliko yalivyoliwa wazi.

Kinachofaa ni kitu kinachobaki laini: nta ya kupulizia ndani ya bodi, au kinga zenye lanolini, ambayo ni mafuta ya sufu ya kondoo. Hivi havikauki vikapasuka, vinatambaa kwenye mikunjo, na ukikwaruza unapaka tena bila kubandua. Maduka ya rangi na vifaa vya magari Kariakoo na Ilala huwa nayo ya kopo la kupulizia. Nunua yenye mrija mrefu mwembamba. Ingiza mrija kwenye matundu ya mlango na ya mbavu, puliza huku ukiuvuta taratibu, mpaka uone kinga inachuruzika chini. Ikimaliza kuchuruzika, pitisha tena ile njiti ya chelewa, usije ukaziba kwa nta matundu uliyoyazibua kwa jasho. Ukikosa nta, oili mpya kwenye chupa ya kupulizia inatosha kwa milango na mbavu, ila irudie kila miezi sita na uiepushe na mpira.

Kwa chini ya gari, paka kinga hiyo laini kwenye viungio vya bati, ndani ya ukingo wa fenda, kwenye mabomba ya breki na kwenye nati utakazotaka kuzifungua siku moja. Usipake kwenye diski na pedi za breki, bomba la ekzosi, mikanda ya injini wala mipira. Gari liwe limeoshwa na kukauka kabisa, siku mbili za jua angalau. Kupaka mafuta juu ya chumvi ni kuitunza chumvi.

Utauziwa pia kile kidude cha umeme kinachofungwa kwenye betri na kudaiwa kuzuia kutu gari zima. Acha. Njia ya kulinda chuma kwa umeme au kwa kipande cha zinki ni ya kweli, na ndiyo maana boti za Magogoni zinafungwa zinki kwenye matumbo yake. Lakini inafanya kazi kwa sababu boti limezama ndani ya maji yanayounganisha zinki na chuma chote. Gari lako haliko ndani ya maji.

Kuhusu kuosha, swali langu kwako ni moja: unaoshea maji gani? Visima vingi vya pwani vina chumvi, na sehemu nyingi za kuoshea magari hutumia maji hayo kwa sababu ni rahisi kuliko ya bomba. Onja tone, au angalia kama sabuni inatoa povu. Ikiwa ni maji ya chumvi, kila unapoosha gari unalipaka chumvi upya, na kwa presha, hadi ndani ya mikunjo. Afadhali ndoo mbili za maji matamu kwa mkono, au maji ya mvua uliyokinga. Ukiwa unavuka kwa pantoni, pale magurudumu yanapopita kwenye ngazi yake maji ya bahari hurukia chini ya gari. Mwagia maji matamu chini, hasa kwenye matao ya tairi, siku hiyohiyo ukiweza. Na maji ya bahari yakijaa barabarani, usipite kwa ajili ya kuwahi kipindi. Anayebeba samaki kwenye gari lake, maji ya barafu yakichuruzika sakafuni, hayo nayo huwa na chumvi, na huyo anahitaji barua yake peke yake.

Kuegesha: kivuli chenye hewa ni bora kuliko turubai. Turubai la plastiki linafungia unyevu wa usiku mpaka saa tano asubuhi. Sakafu ya saruji ni bora kuliko mchanga au majani.

Umeuliza pia mengine ya kufanya mwenyewe. Oili na filta yake unaziweza, sina la kuongeza ila kwamba oili utakayotoa uipeleke gereji wanaokusanya, usiimwage kwenye mtaro. Ningependa zaidi uangalie maji ya rejeta, maana hiyo ni kutu nyingine isiyoonekana. Injini yako ya 5A-FE ina bloku ya chuma na kichwa cha aluminiamu, na wamiliki wengi hujaza maji ya bomba au kisima mwaka mzima. Injini ikiwa baridi kabisa, asubuhi, fungua kifuniko. Maji ya rangi ya udongo maana yake ni bloku inaliwa kwa ndani na tope lake linaziba rejeta. Yamwage, suuza kwa maji matamu mpaka yatoke meupe, jaza kulanti, yaani dawa ya kupoza injini na kuzuia kutu, iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyokenekwa ya kuongezea betri (si asidi), uwashe injini hadi hewa yote itoke. Usifungue kifuniko hicho injini ikiwa ya moto, hata kama una haraka ya namna gani. Na kulanti ni tamu na ni sumu, weka mbali na watoto na paka.

Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani, kupitia mipira na kila unapofungua kifuniko. Ya aina ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205 au zaidi, yakishanyonya maji yanaweza kushuka hadi 140, na maji hayohayo yanatia kutu pistoni za breki kwa ndani. Yabadilishwe kila miaka miwili. Kuyabadilisha kunataka watu wawili na mmoja awe anajua, kwa hiyo mara ya kwanza mtazame fundi akifanya. Yakidondokea kwenye rangi yasuuze mara moja kwa maji, yanachubua. Ukiwa chini, fuatisha mabomba membamba ya chuma ya breki kutoka mbele hadi nyuma. Yakiwa na magamba, usiyasugue kwa brashi ya waya kujaribu kuyasafisha, yabadilishwe.

Vichwa vya betri vikitoka unga mweupe au wa kijani, fungua hasi kwanza, mwagia maji ya moto yenye magadi kidogo, sugua, kausha, funga hasi mwisho, kisha paka grisi. Uangalie pia ule waya mnene unaotoka kwenye hasi kwenda kwenye bodi. Ncha yake ikishika kutu, taa zinafifia na stata inalalamika, na watu wananunua betri mpya bure. Ekzosi nayo inaoza kwa ndani: kila lita ya petroli inayoungua huzaa karibu lita ya maji, na safari fupi za nyumbani hadi shuleni hazipashi sailensa moto wa kutosha kuyatoa. Safari moja ndefu kwa wiki inasaidia.

Turudi kwa yule fundi wa tatu aliyekuambia uuze. Ukishamaliza kipimo cha bisibisi utajua kama ana hoja. Ikizama mlangoni na kwenye fenda tu, hana. Ikizama kwenye mbavu upande mmoja, tafuta mchomeleaji. Mwambie achomoe betri na asogeze mabomba ya mafuta kabla hajawasha moto, akuite uone ndani kabla hajafunga, na aache matundu ya maji kwa chini kama yalivyokuwa. Akikuambia haina haja kuona ndani, ondoka na gari lako. Ikizama mbavu zote mbili na mahali shokapu zinaposhikia, yule wa tatu alikuwa sahihi, na hapo mweleze mnunuzi ukweli kabla hajalipa.